Kitanzi, taulo, kibanio au sindano: umshike mnyama kwa kipi?

Kila kundi la wanafunzi wa fildi likifika kituoni kwetu huku Temeke, swali la wiki ya kwanza huwa lilelile: bwana mifugo, nikipata vihela nianze kununua kifaa gani? Wanategemea nitaje kifunga mdomo cha mbwa, au ile fimbo ya kitanzi waliyoiona kwenye picha chuoni. Nawaambia wanunue taulo. Wanacheka. Wiki ya pili analetwa paka dume ndani ya kiroba kilichofungwa kamba, na kicheko kinaishia hapo.

Kushika ndiyo sehemu kubwa ya kazi yetu. Daktari anachoma sindano, anashona, anatazama meno. Wewe msaidizi ndiye uliyekumbatia kichwa chenye hayo meno. Njia za kushika ni nyingi, kila moja ina wapenzi wake, na wengi wetu tunashika tunavyoshika kwa sababu ndivyo tulivyomkuta mkubwa wetu akishika. Nitaziweka hapa mbilimbili na tatutatu, anayeanza aone pa kuchagua. Kipimo changu ni kimoja: mambo yakiharibika katikati, naweza kumwachia upesi, bila mimi wala yeye kuumia? Njia isiyoachika naiweka mwisho, hata ikiwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Kumrukia au kumsubiri

Kuna namna mbili za kumpokea mbwa. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka: jina linaitwa, mbwa anaburutwa ndani, watu wawili wanamrukia. Ya pili: anaingia, kamba inalegezwa, unaendelea kuzungumza na mwenye mbwa huku umempa mbwa ubavu, humkazii macho, na yeye ananusa chumba apendavyo. Hii ya pili inakula dakika mbili, na katika foleni ya asubuhi dakika mbili zinauma. Lakini ndani ya dakika hizo mbwa mwenyewe anakuchagulia kifaa.

Anayejilamba pua wakati hakuna chakula, anayepiga miayo hali hana usingizi, anayegeuza uso pembeni huku jicho limebaki kwako mpaka weupe wake unaonekana, huyo ana hofu na anakuomba nafasi. Mkia uliofyatwa chini ya tumbo kila mtu anaujua. Unaowadanganya wengi ni ule ulioinuka juu, mgumu kama ufito, unaotikisika kifupikifupi. Mteja atakwambia “ona anavyofurahi”, nawe usimwamini. Wa kuogopwa kuliko wote ni aliyeganda ghafla, hata kuhema kaacha. Anayenguruma bado anaongea nawe. Ukimpiga kwa kunguruma unamfundisha kuuma bila kupiga hodi.

Kuna ushauri mmoja wa kigeni ambao hapa kwetu naupunguza. Huelekezwa kwamba uchuchumae, uonekane mdogo, mbwa asikuogope. Kwa mbwa aliyelelewa sebuleni Masaki, sawa. Kwa mbwa wa mtaani Mbagala au Manzese, mtu anayeinama ghafla ni mtu anayeokota jiwe. Kajifunza hivyo tangu mdogo, na kajifunzia mbavuni. Nimeona mbwa aliyekuwa ametulia kabisa akibadilika pale mwenzangu alipopiga goti. Kwa mbwa wa aina hiyo nachagua kusimama wima, ubavu kwake, mikono chini. Au nakuwa nimeshakaa kwenye stuli kabla hajaingia.

Mbwa: bandeji, mfuko wa nailoni au kikapu

Vifunga mdomo ni vya aina tatu, na watu hugombania kipi ni bora kana kwamba vinafanya kazi moja.

Bandeji haina gharama na imo kwenye kila mkoba. Kitanzi kinapita juu ya pua, fundo chini ya kidevu, ncha zinapita chini ya masikio na kufungwa kisogoni kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Inamfaa mbwa yeyote mwenye pua ndefu, ukubwa wowote. Ubaya wake ni kwamba mikono yako inapita karibu na meno mara mbili, na ikishakaza, mdomo umefungwa kabisa.

Ule mfuko wa nailoni wenye kipachio unavishwa haraka zaidi, lakini nao hufunga mdomo kabisa, na hapo ndipo joto la Dar linapoingia kwenye hesabu. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema mdomo wazi, ulimi nje. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Akifika 41 yuko hatarini. Sasa mfunge mdomo mchana wa Januari, chumba cha bati, feni moja, naye anapigana nawe kwa nguvu zake zote: unampika huku unadhani unamtuliza. Ndiyo maana bandeji na nailoni kwangu ni vya dakika chache tu, sindano moja au kukata kucha mbili tatu, na jicho langu liko kwenye ubavu wake unavyopanda na kushuka.

Kikapu, kiwe cha plastiki, cha mpira au cha waya, kinamwacha aheme, anywe maji, hata apokee dagaa kupitia matundu. Kinaweza kukaa muda mrefu. Lakini ni ghali, unahitaji saizi kadhaa, na kilicholegea anakivua kwa mguu mmoja. Tena mbwa mkubwa aliyevishwa kikapu cha waya akikupiga nacho kwenye muundi utamkumbuka. Pamoja na hayo yote, kwa mbwa wa ulinzi ndicho chaguo langu la kwanza. Nailoni inafuata, bandeji ni ya dharura. Mbwa wa pua fupi hawafai kwa bandeji wala nailoni ya kawaida. Hao wazungushie taulo nene lililoviringishwa shingoni, liwazuie kugeuza kichwa. Na mbwa anayetapika au anayehema kwa shida hafungwi mdomo, basi.

Kuliko aina ya kifaa, naona linaloamua zaidi ni nani anayekivisha. Aliwahi kuletwa mbwa mmoja mkubwa kutoka Mbezi, mwenye mbwa kaja na gari, suti safi.

“Shikamoo mzee. Samahani, nyumbani nani anamlisha huyu?”

“Marahaba. Kuna kijana, mlinzi wetu.”

“Kijana mwenyewe tumempata?”

“Nimemwacha getini, bwana. Kwani ndiye mgonjwa?”

Tulicheka, lakini nilimwomba warudi kesho yake asubuhi na huyo kijana, kwa kuwa ilikuwa chanjo tu na jua lilishakuwa kali. Kesho yake kijana alitia dagaa ndani ya kikapu, akamshikia, na mbwa akaingiza pua mwenyewe. Mbwa wengi wa Dar hushinda bandani na kufunguliwa usiku. Anayewalipia dawa mara nyingi wala hawamjui. Uliza anayewalisha.

Kuhusu meza au sakafu sina maneno mengi: mbwa mdogo mezani, mkubwa sakafuni, na pote pawe na kipande cha mpira au zulia chini ya miguu. Mbwa anayeteleza kwenye vigae anapigania kusimama, nawe utadhani anapigana nawe.

Ile fimbo ya kitanzi, iliyowavutia wanafunzi wangu, naitoa kwa mbwa asiyesogeleka au anayeshukiwa kichaa cha mbwa. Inatumika kumwelekeza mbwa na kumweka mbali nawe, hata siku moja si ya kumnyanyulia kwa shingo. Na iwe ile yenye kifyatuo cha kulegeza haraka. Za kuunga wenyewe kwa bomba la maji na waya hazina kifyatuo, na kwa kipimo changu cha kuachia hizo zimefeli kabla hazijatoka stoo.

Jambo moja dogo ambalo chuoni hawaligusi. Wenzetu wengi kazini ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanafunzi waliotaka kuiacha kazi ya mbwa kwa ajili hiyo, wakiona aibu kusema. Glavu ndefu, aproni ya plastiki, ovaroli inayobaki kazini, na kikapu kinachozuia kulambwa vimewatosha. Aliye zamu naye ajue, asimtanie.

Yote haya yana uzito kuliko raha ya siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu, na kwamba ili ugonjwa ukatike katika eneo, wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wake. Kwenye kampeni ya chanjo ya mtaa, mbwa huletwa na watoto, kwa kamba ya katani, kwa waya wa umeme, mwingine kwa mkanda wa suruali ya baba. Ukimkandamiza mbwa mbele ya mtoto mpaka ajisaidie kwa hofu, mwakani mbwa atakimbilia uvunguni na mtoto hatamleta. Hapo umechanja mmoja na kumpoteza huyohuyo.

Paka: ngozi ya shingo au taulo

Njia tuliyorithi ni kumkamata ngozi ya kisogo, kumbana mezani na kuvuta miguu ya nyuma. Sitasema haifanyi kazi, nimeitumia miaka. Ni ya haraka na haihitaji kifaa. Utetezi wake ni kwamba mama paka huwabeba wanawe hivyo. Ni kweli kitoto kikibebwa hulegea, ila ni kitoto cha wiki chache na aliyekibeba ni mama yake. Paka mzima aliyebanwa hajatulia, kazibiwa njia. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha madaktari wa paka na kile cha kimataifa walitoa mwongozo wa pamoja unaopinga kabisa kumshika paka kwa ngozi ya shingo, na mwanzoni nilisoma nikaguna. Kilichonigeuza ni hesabu: paka ana kucha 18, na ukimshika kisogo umedhibiti meno tu, tena kwa muda.

Taulo linadhibiti kucha zote 18. Litandaze mezani, mweke katikati kichwa kikielekea mbali nawe, upande mmoja upite juu ya mgongo na kuingia chini ya kifua, wa pili uufunike huo, ukaze shingoni pasipo kunyonga, kama unavyokunja sambusa. Halafu unatoa mguu mmoja tu unaouhitaji. Paka akiwa gizani mwili umebanwa sawasawa, wengi hutulia wenyewe. Na ukishindwa unaachia, taulo linabaki na yeye, wewe unarudi nyuma na vidole vyako vyote. Njia ya kisogo haina mlango huo: ukishamkamata na amekasirika, ni lini utathubutu kufungua mkono?

Wengine huniuliza kama khanga haitoshi. Kwa kuviringisha haitoshi, ni nyepesi, jino linapita. Lakini khanga ya mwenye paka ina kazi ambayo taulo letu haliiwezi, kwa kuwa ina harufu ya nyumbani. Ifunike juu ya tenga wakati wa kusubiri, hasa kama benchi lilelile wamekaa mbwa. Nina zote mbili, na kila moja najua saa yake.

Mteja akipiga simu kabla ya kuja, chombo cha kumletea nacho ni cha kuchagua. Kiroba kwenye bodaboda kutoka Tandika ni joto, giza bila hewa, na paka anatoka amekwisha amua. Boksi la maji ya chupa lenye matundu ni afadhali. Bora zaidi ni tenga au kreti inayofunguka juu, maana mengi unaweza kuyamaliza paka akiwa bado amekaa chini ya chombo chake: kupima moyo, kuchoma chanjo, kutazama ngozi. Kumwaga paka mezani kwa kuinamisha kreti ni kuanza ugomvi kwa mkono wako.

Mtazame pia kabla hujamgusa. Masikio yaliyolala pembeni, mboni zilizopanuka hadi jicho limekuwa jeusi, mkia unaopiga meza. Aliyejikunja kimya kona ya kreti wengi humwita mpole. Huyo ndiye wa kwenda naye taratibu zaidi. Kukoroma kwa paka aliye macho nako si cheti cha raha, huweza kukoroma akiwa na maumivu. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa amezidiwa. Taulo litolewe, kazi isimame, daktari aitwe.

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunji mpaka mwisho. Aliyenifanya hivyo hakuwa mbwa wa polisi wala fahali. Alikuwa paka wa kilo tatu, siku nilipokuwa na haraka, na tundu lenyewe lilikuwa dogo kama la sindano ya kushonea. Nililifuta kwa spiriti nikaendelea na kazi. Jino la paka ni jembamba na refu, linapanda bakteria ndani ya kiungo, Pasteurella akiwa maarufu wao, halafu ngozi inajifunga juu kana kwamba hakuna kitu. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Jeraha la paka kwenye mkono unaliosha na unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mikono au dawa

Huu ndio uchaguzi unaocheleweshwa kuliko wote, kwa sababu mbili zinazoeleweka: dawa ya kutuliza inaongeza bili, na wengi wetu tunaona kuiomba ni kukiri tumeshindwa. Watu wanne wanamlalia mbwa dakika ishirini ili kuokoa gharama ya dawa, mwisho mmoja anaumwa na mbwa hachanjwi. Mimi nina mipaka: majaribio mawili. La pili likishindikana naachia, nasema. Kama kazi inaweza kusubiri, kucha, chanjo, kuoshwa, inapangwa siku nyingine asubuhi na mapema. Kama haiwezi kusubiri, ni zamu ya daktari kuamua dawa.

Nasema daktari kwa makusudi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatutambua sisi wasaidizi tunaofanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Kuivuta dawa kwenye bomba la sindano kwa kukadiria kwa macho, daktari akiwa njiani kwenye foleni ya Mandela, ni kosa hata mbwa akiamka salama.

Lakini zijue tabia za dawa, maana wewe ndiye utakayekaa na mnyama. Xylazine inatuliza na kupunguza maumivu, na inapunguza mapigo ya moyo. Kwa mbwa na paka mara nyingi huleta kutapika kabla ya usingizi. Fikiria sasa mbwa aliyefungwa mdomo kwa bandeji akichomwa xylazine: matapishi yatapita wapi? Hapo kifunga mdomo na dawa, vyote vizuri kila kimoja peke yake, vinageuka mauti vikikutana bila mtu kufikiri. Acepromazine inalegeza mwili, lakini haiondoi maumivu, na mbwa aliyeonekana kasinzia anaweza kushtuka na kuuma kama aliye macho. Usimpapase usoni kwa sababu tu ameinamisha kichwa.

Kwa paka wanaojulikana kwa ukorofi, siku hizi madaktari wengi huandika gabapentin, apewe nyumbani saa mbili tatu kabla ya safari. Nimekuja kuipenda kuliko sindano ya hapo kwa hapo, kwa kuwa hofu haijapanda bado inapofanya kazi. Tahadhari moja, kama nyumbani kuna mbwa pia: dawa ya maji ya binadamu huweza kuwa na kiongeza utamu kiitwacho xylitol, ambacho ni sumu kwa mbwa. Mteja asijinunulie tu duka la dawa.

Kwa ng'ombe habari ni nyingine. Anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha xylazine cha farasi, na mbuzi analewa kwa urahisi zaidi. Mjamzito wa miezi ya mwisho hapewi ovyo, inaweza kuamsha mfuko wa uzazi. Akilala, alalie kifua, au kichwa kiinamishwe ili mate na cheuo vitoke nje. Ng'ombe aliyelazwa ubavu muda mrefu anajaa gesi.

Ng'ombe: kamba au kibanio

Hapa uchaguzi unategemea ng'ombe katokea wapi. Nyuma ya nyumba Goba au Kibamba utamkuta ng'ombe chotara wa maziwa anayeguswa kiwele mara mbili kwa siku. Hatamu ya kamba iliyofungwa kwenye nguzo imara, kwa fundo la kuvuta, chini kiasi, inatosha kwa karibu kila kitu. Akikataa, koleo la pua kwa muda mfupi. Fahali aliyekwishatiwa shemere puani anashikwa kwa hiyo, na bado usimwamini. Mkia ukiinuliwa wima kutokea shinani hupunguza mateke, ila kuinua si kukunja; mkia huvunjika.

Kwenye mnada wa Pugu kamba ni kujitafutia matatizo. Wale wamesafiri kwa malori kutoka bara, wana kiu, wamezungukwa na sauti ngeni, na hakuna hata mmoja anayekujua. Pale ni korido na kibanio, kile kizimba chembamba cha kumbana ng'ombe mmoja, au usifanye. Kibanio ni cha gharama na hakibebeki, lakini kinaruhusu kuchanja na kuvisha hereni wengi kwa asubuhi moja, na kikiwa na lango zuri la kichwa unaachia kwa mkono mmoja. Hakikisha tu kuna nguzo nyuma yake, aliyefuata asikubane miguu wakati umeingia kati.

Kuna watakaoamua kumwangusha kwa kamba: shingoni, nyuma ya viwiko, mbele ya kiwele, watu wawili wanavuta nyuma, na ng'ombe anakaa chini mwenyewe kama aliyechoka. Ukiona mara ya kwanza utadhani kiinimacho. Inafaa pasipo na kibanio, kwa kwato au jeraha la tumboni, juu ya ardhi laini. Kwa mwenye mimba kubwa au aliyetoka kushiba siipendi.

Kamba au kibanio, msogeze kwa akili. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo usitokee hapo. Ana mpaka wake wa kukimbia. Ukiuingia kidogo anasogea, ukitoka anasimama, na ukiuvamia anakupita juu. Bega lake ndiyo mizani: simama nyuma ya bega aende mbele, simama mbele ya bega arudi. Fimbo inahitajika mara chache kuliko tunavyodhani. Nimewahi kuhangaika nusu saa na mtamba aliyegoma kuingia bandani, mama mwenye nyumba akipiga kelele, vijana wanasukuma, hadi bibi mmoja jirani akaja akaanua khanga zilizokuwa zikipepea kwenye kamba kando ya njia. Mtamba akapita. Kivuli, dimbwi linalong'aa, mnyororo unaoning'inia, vyote humsimamisha. Tembea njia yake kwanza wewe.

Ng'ombe hurusha teke mbele na pembeni, kwa mzunguko. Kwa hiyo aidha uwe umemgusa kabisa ubavuni, teke likose nafasi ya kupata nguvu, au uwe mbali kabisa. Hapo katikati ndipo mahali pa kuvunjwa goti. Na fahali akikuonyesha ubavu wake mzima, kichwa chini, shingo imetuna, hajapozi kwa picha. Rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo.

Wadogo, kwa kifupi

Mbuzi namshika chini ya taya na mwili wake ukutani. Pembe za mbuzi mchanga zinavunjika, na kondoo havutwi kwa sufu. Sungura kamwe asinyanyuliwe kwa masikio, na mkono wa pili lazima ubebe miguu ya nyuma: akirusha mateke hewani anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Kuku mbane mabawa, usimbane kifua. Ndege hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, na mtoto anayemkumbatia kwa mapenzi anaweza kumuua mikononi. Nguruwe anaelekezwa kwa ubao. Kamba ya pua nayo inamshika vizuri, lakini vaa vizibo vya masikio, kelele yake hupita desibeli 100 na majirani watakuja kuuliza unachinja nani.

Ukiumwa

Hapa pia watu huchagua, na huchagua vibaya: mafuta ya taa, pilipili, kufunga kitambaa na kusubiri. Jeraha la jino linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kwa saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha hospitali, siku hiyo, kwa tathmini ya chanjo ya kichaa, hata mbwa akiwa na kadi ya chanjo. Mbwa au paka aliyeuma akionekana mzima asiuawe kwa hasira. Azuiliwe na kutazamwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma. Ukimuua na kumtupa umeitupa na hiyo habari. Na anayefanya kazi hii kila siku apate chanjo ya kinga mapema, kabla ya meno. Kwa utaratibu wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni siku mbili tu za kuchomwa, ya 0 na ya 7. Ukiumwa baadaye bado utarudi kuchomwa, ila dozi zinapungua.

Basi nirudi kwa vihela vya mwanafunzi. Taulo mbili nene, za mtumba zinatosha, moja ifuliwe nyingine ikiwa kazini. Kamba laini ya mita tatu unayoweza kuifunga na kuifungua ukiwa umefumba macho. Kifunga mdomo cha kikapu cha saizi ya kati, kubwa utanunua mshahara ukianza. Pakiti ya dagaa wakavu. Bandeji utazikuta kituoni. Na mfuko wa pembeni wa mkoba, ule wenye zipu, usiwekwe simu: kaa na kipande cha sabuni ya mche humo, kwa sababu bomba utalikuta kwenye nyumba nyingi, sabuni utaambiwa subiri kidogo mtoto akanunue dukani.